Nahodha na Mechi ya Tano

Niseme mapema tusije tukagombana huko mbele: mtu akimsema vibaya Nahodha na mimi nipo, namjibu. Sijali ni nani. Pale sokoni Bariadi ninapotengenezea simu, nilishamrudishia mteja simu yake ikiwa imefunguliwa nusu, skrubu nikamfungia kwenye karatasi, nikamwambia atafute fundi mwingine. Kosa lake? Alisema, "Yule mzee wenu wa Nkololo anapotezea watoto muda na mchezo wa Wazungu." Basi. Hakusema kingine. Lakini mimi kichwa kilishapata moto.

Nahodha ndiye aliyetufundisha tenisi Nkololo. Ndiyo, tenisi. Najua unavyocheka, wenzako wameshacheka. Kijiji cha pamba na ng'ombe, mvua yenyewe ya kubahatisha, halafu watoto wanapigiana kampira kadogo juu ya neti. Na anayewafundisha ni mzee wa kofia ya pama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akipiga mpira. Hata mmoja. Raketi alikuwa anaishika kwa shingo, kama mtu aliyebeba kuku wa kupelekea wakwe.

Sababu ya kutocheza kila mtu alikuwa na yake. Wengine walisema mkono uliwahi kuvunjika. Wengine walisema hajui, anasoma tu. Siku moja nikamuuliza mwenyewe, maana mimi kitu kikinikaa kooni hakilali.

"Nahodha, kwa nini huchezi?"

"Mimi sikutaka kucheza, mayu. Mimi nilitaka kukaa kwenye kile kiti."

Mayu kwa Kisukuma ni mama, lakini wazee wetu hata katoto ka kike wanakaita hivyo. Ukiitwa mayu na Nahodha unajua leo hujamkera.

Kile kiti. Sasa hapo lazima nieleze, maana bila kiti humwelewi.

Ujanani mwake kulikuwa na padri mzee misheni, mgeni kutoka huko Ulaya, ambaye alikuwa mtoto katikati ya zile vita kuu mbili, ya kwanza imeisha na ya pili haijaanza. Padri huyo alikuwa na picha za magazeti za mashindano ya tenisi ya mataifa ya wakati huo. Siyo ya mtu na mtu, ya nchi na nchi. Kila nchi inaleta timu yake, wanacheza mechi tano, wa kwanza kufikisha tatu kashinda. Wachezaji wamevaa suruali ndefu nyeupe, wanasafiri na meli mpaka bara lingine. Nahodha aliwaita "wale wa suruali ndefu", kama vile ni majirani waliohamia Maswa.

Kwenye hizo picha kila mtu alimwangalia mchezaji. Nahodha akamwangalia mzee aliyekaa kwenye kiti pembeni ya neti, miguu kaikunja, hafanyi chochote. Akamuuliza padri, huyu nani? Padri akamwambia huyo ndiye nahodha wa timu. Tenisi kwa kawaida unaachwa peke yako uwanjani, ukilia unajifuta mwenyewe. Lakini kwenye mashindano yale ya timu nahodha anaruhusiwa kukaa humo humo ndani, na mchezaji akipumzika anakwenda kukaa karibu naye.

"Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu," alituambia. "Mtu anapigwa, halafu mimi nipo."

Mimi hapo nilikuwa bado mdogo, nikaona ni kazi ya kivivu. Nilikuja kuelewa baadaye.

Hadithi zake za mashindano yale alikuwa anatusimulia tukisiriba uwanja, na alikuwa anatia chumvi, nisiseme uongo kumtetea. Ile ya mpira kudondoka baharini na mchezaji kuruka melini kuufuata, sijui. Lakini moja aliisimulia bila kuongeza hata neno, kila mara vilevile. Vijana wanne wa Ufaransa walilichukua kombe. Zamani hizo mwenye kombe hahangaiki, anakaa kwake anasubiri, wengine wanapigana wao kwa wao mpaka abaki mmoja wa kuja kumvaa. Wafaransa wakajenga uwanja mpya Paris, wa udongo mwekundu, wa kulilindia kombe lao. Wakalilinda miaka kadhaa. Halafu Waingereza wakaja, ikawa mbili kwa mbili, imebaki mechi ya tano. Na aliyeingia mechi ya tano upande wa Ufaransa hakuwa mmoja wa wale wanne. Alikuwa kijana tu, mgeni kwenye timu. Akapigana, akapigwa, kombe likaondoka.

Hapo Nahodha anashusha sauti kama yuko msibani. "Wale wanne dunia nzima inawakumbuka. Mimi namkumbuka huyo wa tano. Nani alikaa naye?"

Tulikuwa tumejaa matope mpaka magotini.

Matope yenyewe ni ya kichuguu. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo wa kichuguu, ule ule mama zetu wanaotengenezea sakafu na mahali pa kupuria mtama. Ukiutwanga, ukauloweka, mkaukanyaga watu wengi kwa pamoja, ukapakwa samadi laini ya ng'ombe juu, unakuwa mgumu na mpira unadunda vizuri kabisa. Tena ni mwekundu. Nahodha akiuangalia ulivyokauka anacheka peke yake. "Paris hii," anasema. Kila mwaka kabla ya msimu alikuwa anaita vijana, anatafuta mpiga ngoma, tunaukanyaga kwa kucheza. Bila ngoma watu wanakanyaga ovyo ovyo, huku pamekaza, huku pamelegea. Na ngoma ikiwa ya haraka mno pia aliikataa. "Punguza! Unanipasulia uwanja!"

Mistari ni chokaa. Neti ilikuwa ya nyavu za kuvulia, alipewa na wavuvi wa Kalemela, na ukiisogelea siku ya jua unaisikia harufu ya sangara. Raketi tulishonea nyuzi za kuvulia hizohizo, na hapo ndipo mimi nilipoanzia ufundi. Hakuna aliyenifundisha. Niliharibu raketi nyingi, nyuzi zikakatika zikanichapa usoni, Nahodha akawa ananiletea nyingine kimya kimya mpaka nikajua. Leo nikifungua simu yenye mavitu madogo kuliko jicho la sisimizi, ujue vidole vyangu vilijifunzia kutulia kwenye zile nyuzi. Huyo ndiye mnayesema anapotezea watoto muda.

Na kumwagilia! Uwanja wa kichuguu ukikauka sana unapasuka, kwa hiyo kila mechi ikiisha lazima umwagiliwe maji kidogo na kufagiliwa. Tulitumia bomba la kupulizia dawa ya pamba, la kubeba mgongoni. Mwaka mmoja mtu alisahau kulisafisha, uwanja mzima ukanuka dawa, hata kuku hawakupita wiki hiyo. Lakini kumwagilia ni lazima. Umeshinda, umwagilie. Umepigwa, umwagilie. Unaumwa kichwa, umwagilie halafu ndiyo uumwe.

Nahodha alianzisha mashindano yake ya timu kwa mtindo wa wale wa suruali ndefu. Nkololo sisi, Mwamapalala, Kalemela, na vijana wa Bariadi mjini ambao walikuwa na viatu vizuri na midomo mikubwa. Mechi tano: mvulana, msichana, halafu wawili kwa wawili, halafu mvulana, halafu msichana. Wale wa zamani walikuwa wanaume watupu, tukamuuliza mbona sisi umetuchanganya. Akasema, "Wao hawakuwa na nyie." Kombe lilikuwa sufuria kubwa la kupikia wali wa harusi, alilitoa nyumbani bila mke wake kujua, mama wa watu akalitafuta msimu mzima. Na sheria aliyoongeza mwenyewe ni hii: mwenye sufuria anacheza kwake, lakini kabla ya mechi anapikia wageni humo humo. Unamlisha mtu ashibe, halafu unampiga.

"Si tuwape chakula baada ya mechi?" Masanja alimuuliza. Masanja ndiye mvulana wetu wa kwanza, mrefu, mpole, mpaka ananikera. "Wakishiba si watatupiga?"

"Ukimshinda mwenye njaa umeshinda njaa," Nahodha akamjibu. "Pakua."

Sasa watazamaji. Jamani, watazamaji wetu!

Kwetu watu wamezoea mashindano ya ngoma. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, huyu huku, huyu kule, na watu wanahama. Kikundi kikinoga watu wanakimbilia huko, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna refa, miguu ya watu ndiyo refa. Sasa hao hao ndio walikuja kuangalia tenisi. Masanja akipiga mpira mzuri, kundi zima linakimbia kwenda upande wake, vumbi, watoto wanakanyagwa, chokaa inafutika. Mwamapalala akijibu, wanarudi mbio. Mechi ya kwanza kabisa mistari ilifutika yote kabla seti haijaisha.

Kubwa zaidi likaja kwenye kubadilishana upande. Si mnajua kwenye tenisi wachezaji wanabadilishana pande? Masanja na mwenzake wakapishana pale kwenye neti, kila mmoja akaenda upande wa mwenzake. Watu wakapiga kelele. "Amehama! Masanja amehama! Kanunuliwa!" Mama yake Masanja akaingia uwanjani, akamshika mkono mwanawe amrudishe kwao. Mchezo ukasimama. Tulicheka mpaka tukakaa chini, isipokuwa Masanja.

Nahodha hakucheka na hakufokea mtu. Jioni tulimkuta anachimba kanjia kuzunguka uwanja, nje ya mistari, akakamwagia kokoto. "Hawa watahama tu," akasema. "Watahama hapa." Tangu hapo watu wakawa wanazunguka kwenye njia yao, mistari ikapona.

Na kulikuwa na mzee mmoja mfugaji wa Mwamapalala, huyo hesabu za tenisi zilimtesa roho. Kumi na tano, sawa. Thelathini, sawa. Halafu arobaini. "Arobaini na tano!" alikuwa anapiga kelele na fimbo juu. "Nani kachukua tano ya mtoto?" Ukimweleza ndivyo ilivyo, anakuona mwizi mwenzao. Tukamwita Mzee wa Tano. Hakukosa mechi hata moja, nadhani alikuwa anasubiri siku hizo tano zirudishwe.

Hasira zangu zilikuwa na historia yake pale. Nilikuwa narusha raketi. Raketi niliyoishona mwenyewe, naipiga chini. Makocha wengine wangekuchapa. Nahodha aliniita kwenye kiti, akasimama yeye, akanikalisha mimi.

"Una hasira?"

"Ndiyo."

"Hiyo hasira ya nani?"

"Yangu!"

"Hapana. Hapa hakuna cha kwako. Hiyo ni ya timu. Mbona hujatuuliza kama leo tunaihitaji?"

Nikaiokota ile raketi. Tangu siku hiyo nikikasirika mazoezini nilikuwa nageuka namuuliza kwa sauti, "Nahodha, tunaihitaji?" Mara nyingi anatikisa kichwa. Mara moja moja anasema, "Kidogo." Hiyo kidogo nilikuwa naipenda kuliko pongezi.

Lakini msimfanye malaika. Alikuwa anatuhubiria utulivu, na yeye mwenyewe alinuniana na mtu wa kanisani kwao miaka na miaka kwa mpira mmoja. Mtu huyo alikuwa mwangalizi wa mstari, akasema mpira wa Bariadi umetoka nje ili Nkololo tushinde. Tukashinda. Nahodha aliona umeingia. Hakumsalimia tena. Wanaimba kwaya moja, wamesimama mstari mmoja, ukifika wakati wa kupeana amani Nahodha anapeana na ukuta.

"Si alitusaidia?" nilimwambia.

"Alimnyang'anya mtoto wa mtu."

"Mtoto wa Bariadi!"

"Kwani mtoto wa Bariadi hana mama?"

Tena alikuwa mchoyo wa mipira. Mpira umeisha manyoya, umekuwa kama kichwa cha mzee, bado anautunza. Alikuwa anaongea sana akisimulia, lakini akikaa kwenye kile kiti anakuwa bubu. Mimi ningekuwa nakaa na mtu anayepigwa ningemfundisha, ningemfokea. Yeye anakupa maji, anakuangalia mpaka umeze, anasema, "Nipo." Basi. Unarudi uwanjani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mechi ya tano ilikuwa haijawahi kuchezwa. Miaka yote ile. Watu wakishaona timu imefikisha ushindi wa tatu, imekwisha, ngoma inapigwa, sufuria linabebwa juu juu, wote wanaondoka na washindi barabarani. Nahodha anasimama na kofia mkononi, anasema, "Jamani, bado! Hata mechi isiyo na kitu inachezwa!" Hakuna anayemsikia. Mara moja tu ilifika mbili kwa mbili, nikavaa viatu, mvua ikashuka. Kichuguu kikaloa kikawa uji. Sufuria likabaki kwa mwenyewe, yaani sisi, watu wakashangilia, mimi nikakaa kwenye mvua nalia kwa hasira.

Maana mechi ya tano ilikuwa yangu. Mimi ndiye msichana wa pili. Mara zote naingia timu, navaa, napasha misuli, napakua wali, nashangilia, halafu narudisha raketi mfukoni. Watu wakaanza kuniita "mchezaji wa akiba ya Mungu". Waliosema hivyo tuligombana, lakini kweli ilikuwa kweli.

Nikamwambia Nahodha aniweke mechi ya pili. Akakataa. Nikamwambia sasa naacha. Akasema, "Mayu, nataka kuona tano zikiisha kabla sijafa. Na nataka wa tano awe mtu atakayebaki kuisubiri. Masanja hawezi, huyo ni mpole, ataenda kwenye ngoma na wenzake. Wewe utagoma kuondoka."

Ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa duniani. Nikabaki.

Halafu akaugua. Kiharusi, upande wote wa kulia. Mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka kama mtu anayetafuna. Nilikuwa nimeshahamia Bariadi na simu zangu, nikawa nakuja Nkololo kila nikipata nafasi. Nikifika namwamkia "mwadila", anajibu kwa jicho. Uwanja tuliukanyaga wenyewe mwaka huo. Ngoma ilikuwa ya haraka mno na hakukuwa na wa kusema punguza, na kweli kona moja ikapasuka.

Kalemela ndio walikuja kutuvaa. Siku mbili, Jumamosi mechi tatu, Jumapili baada ya kanisa mechi mbili. Mke wa Nahodha alimkataza katakata mzee asitoke.

"Akinifia huko uwanjani?" akaniuliza, mikono kiunoni. "Nimshtaki nani, nishtaki neti?"

"Mama, atakaa tu."

"Atakaa! Huyo tangu lini akakaa tu? Sufuria langu lilikwenda na kukaa kwake huko huko."

Jumamosi ikapita bila yeye. Tukapigwa ya kwanza, Masanja kapigwa, Masanja! Tukapigwa ya pili. Wawili kwa wawili tukashinda kwa kuponea chupuchupu. Mbili kwa moja. Jumapili natoka kanisani nakuta mkokoteni wa ng'ombe wa kubebea pamba umesimama mlangoni kwa Nahodha. Juu yake godoro. Juu ya godoro mzee na kofia yake ya pama. Mke wake amekaa pembeni, kafura, kamshikilia mkono.

"Usiniangalie hivyo," akaniambia. "Amegoma kula."

Tulimteremsha, tukamweka kwenye kiti chake pembeni ya neti. Akaegemea upande wa kushoto. Alitaka kukunja miguu kama yule wa kwenye picha, ule wa kulia ukakataa, mke wake akaukunja, akamwekea juu ya mwenzake.

Mechi ya nne tukapigwa. Tatu kwa moja. Kombe letu, sufuria letu, kwetu, kwenye udongo wetu mwekundu. Ngoma ya Kalemela ikaanza hapo hapo. Watu, watu wetu wenyewe, wakapita kwenye kanjia ka kokoto kwenda upande ule, kama walivyozoea, wakalibeba sufuria, wakaondoka nalo barabarani wakiimba. Masanja naye akaenda, na mimi kwa mara ya kwanza sikumlaumu, maana alikuwa analia na pale barabarani vumbi lilikuwa linamficha.

Nikabaki nimesimama na raketi. Niliangalia ile kona iliyopasuka, nikamwangalia mzee kwenye kiti, nikasikia ngoma inakwenda mbali. Nikachukua mfuko wangu. Nasema ukweli, niliuchukua.

"Mayu." Ilitoka imepinda lakini ilikuwa mayu. "Bado... moja."

"Nahodha, tumeshapigwa. Hakuna watu."

Akapumua kwanza. "Mimi si mtu?"

Nikageuka, na ndipo nikamwona. Upande wa pili, kwenye mstari wa nyuma, amesimama msichana wa Kalemela, mfupi, kanga kiunoni juu ya kaptula, raketi mkononi. Hajaenda na ngoma yao. Anaitwa Nyamizi, nilikuwa namjua kwa sura tu, wanauza samaki kwao.

"Wewe mbona hujaondoka?" nikamwuliza, kwa ukali, ndivyo nilivyo.

"Na mimi ni wa tano," akasema. "Kila mwaka."

Nikauweka mfuko chini.

Tulianza kucheza mbele ya watu wanne: Nahodha, mke wake, mwenye ng'ombe, na Mzee wa Tano na fimbo yake. Nyamizi alikuwa mzuri, jamani. Anapiga mpira chini chini, unateleza kwenye kichuguu kama kambale. Nikachemka mapema. Nikageukia kiti, "Nahodha, tunaihitaji?" Akainua mkono wa kushoto, akabana vidole viwili vikakaribia kugusana. Kidogo. Nikashinda pointi zilizofuata mfululizo.

Nikienda kupumzika nakaa chini karibu na kiti. Hawezi kunipa maji, mke wake ananipa. Ananiangalia mpaka nimeze. Anasema, "Nipo." Nyamizi hakuwa na mtu wa kukaa naye, nahodha wao yuko barabarani na sufuria. Mara ya pili ya kupumzika Nahodha akamwita kwa mkono. Akasita, akaja, akakaa upande wa pili wa kiti. Mzee akamwambia vilevile, "Nipo."

Sijui ngoma ilinyamaza saa ngapi. Mimi nilichosikia ni Mzee wa Tano anapiga kelele, "Arobaini na tano!" na watu wanacheka, watu wengi. Nikainua macho. Walikuwa wamerudi. Masanja, mama yake, watu wa Kalemela na sufuria lao kichwani. Nikasubiri kuona watasimama upande gani, maana Nyamizi alikuwa anaongoza na kwetu watu wanakwenda kwa anayeongoza. Hawakwenda. Walijaa nyuma ya kiti cha Nahodha, pale kwenye neti, katikati, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusimama. Tulipobadilishana pande hakuhama hata mmoja.

Mwisho nitausema jinsi ulivyokuwa. Nyamizi alikuwa anahitaji pointi moja. Akapiga mpira mrefu, ukashuka kule kona iliyopasuka, karibu yangu, vumbi la chokaa na la udongo likaruka pamoja. Watu wakapiga kelele, "Nje! Nje!" Hata wa Kalemela. Na mimi nilikuwa tayari nimeinua kidole, moyo wangu unasema nje, macho yangu yanasema sijui.

"Ndani."

Kabla ya hapo Nahodha alikuwa anaongea kama mtu mwenye chakula mdomoni. Hilo neno lilitoka safi. Ndani. Neno lake la kwanza lililonyooka tangu augue, na alilitumia kunipiga.

Nilimgeukia, nimeshafungua mdomo. Watu wote wakaniangalia, wananijua. Nikamwona amenikodolea lile jicho lake zima, anasubiri nimuulize kama tunaihitaji. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Nyamizi akaja kwenye neti akacheka na yeye, hajui hata tunachekea nini. Mke wa Nahodha akawa anajifuta macho kwa kanga na kunitukana kwa Kisukuma, kwamba nimemwua mume wake, na mume wake yuko hai palepale, tena anatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Wabeja," nikamwambia. Asante, kwa lugha yetu. Nilikuwa sijawahi kumwambia, miaka yote ile, nilikuwa naongea kila kitu isipokuwa hicho.

Alikuwa anaangalia uwanja, ile kona, nyayo zetu zilizojaa kila mahali. Jua lilikuwa linashuka, sufuria halipo tena kwetu, na mashindano yameisha mpaka mwakani. Akainua mkono wa kushoto, akamwonyesha Masanja lile bomba la dawa ya pamba lililolala chini ya mkokoteni.

"Maji," akasema.

Masanja akalibeba mgongoni. Mimi na Nyamizi tukachukua mafagio.